Kucha Kumi za Mama Vifungo

Mama Vifungo hakuwa mtu wa mapambo. Tangu aolewe mpaka aachike, na tangu aachike mpaka mvi zilipoanza kumchungulia masikioni, kila Jumapili asubuhi alikaa kizingitini akakata kucha zake fupi kabisa, karibu na nyama. Kazi yake ndiyo iliyotaka hivyo. Katika karakana ya sare za shule wenzake waliendesha cherehani, yeye alikaa kwenye benchi la dirishani na bakuli lake akashona vifungo kwa mkono: vifungo saba kila shati, tundu nne kila kifungo, uzi mara tatu, auzungushe chini ya kifungo ili kisimame, kisha fundo. Mashine ya kutia vifungo ilikuwepo, tena pale pale kona, imefunikwa turubai. Ilikufa mwaka wa pili tangu inunuliwe, na Fundi Mkuu, mwenye karakana, akasema ya nini kuhangaika kuifufua na Mama Vifungo yupo hai.

Basi mtu huyo ndiye aliyekuja kubandikwa kucha ndefu za rangi ya damu ya mzee.

Msinitazame mimi. Mkitaka wa kulaumu, anzeni na chuo. Ndiyo, kazi ya kucha ina chuo, na chuo kina mtihani, tena mtihani wenye roho mbaya. Mwanafunzi analeta mtu wake, anambandika kucha kumi mbele ya mkaguzi. Mkaguzi anaandika namba chini ya kila ukucha kwa wino usioonekana ila kwa taa ya buluu, ili msije mkabandua iliyovunjika mkabandika nyingine mkajifanya wajanja. Halafu huyo mtu anarudi kwake kuishi nazo siku kumi na nne. Awe mtu wa kazi za mikono, na asivae glavu. Siku ya kumi na nne anarudi, na zote kumi ziwepo, haikupasuka hata moja, haikuinuka hata moja. Ikikosekana moja tu, mwanafunzi amefeli. Na mtihani unafanywa mara mbili, basi. Ukifeli ya pili unakunja tupa zako unakwenda nyumbani, miezi yako kumi imeliwa na hewa.

Mziwanda, binti wa mwisho wa Mama Vifungo, alikuwa ameshafeli mara moja. Alimpeleka shoga yake, muuza mboga, msichana wa maneno matamu, na siku ya sita huyo shoga akaung'oa wa gumba kwa meno, eti ulimkera akimenya karoti! Mziwanda alilia mpaka akapoteza sauti. Kabla ya chuo hicho alikuwa ameanza mambo mawili na yote mawili yakamshinda njiani, na mtaani walishaanza kumwita Nusu. Mama yake alilijua hilo jina. Lilimchoma kuliko lilivyomchoma binti mwenyewe.

"Nipeleke mimi," alisema.

"Wewe, mama?"

"Kwani mimi sina vidole?"

Ndivyo alivyo. Mdomo wake hutangulia, yeye huja nyuma anahema.

Siku ya kwanza karakana nzima ilisimama kumtazama. Mpiga Pasi, mwanamume mwenye tumbo na utani usioisha, aliweka pasi chini akapiga magoti. "Shikamoo bibi harusi! Mahari tupeleke wapi?"

"Peleka kwa mama yako," alisema Mama Vifungo, akaketi, akatia mkono kwenye bakuli kuchukua kifungo.

Hakikutoka. Alijaribu tena. Kucha zilikwangua bakuli, kifungo kikateleza kikamkimbia. Vidole vilivyojua kazi hiyo miaka thelathini vilikuwa humo ndani, chini ya kucha, vimefungiwa, vinasikia kifungo lakini havikifikii. Mwishowe alimwaga vifungo mezani, akawa anavivuta kimoja kimoja kwa ubapa wa kidole mpaka ukingoni, kinaanguka kwenye kiganja cha mkono wa pili. Kutunga uzi kwenye sindano, taabu. Fundo ndilo lilikuwa balaa lenyewe, maana fundo la mshoni hufanywa kwa kuviringisha uzi baina ya ncha ya gumba na ncha ya kidole cha shahada, na yeye ncha hizo hakuwa nazo. Alifunga mafundo kwa meno kama mtu anayefunga gunia. Jioni Fundi Mkuu alihesabu mashati yaliyokamilika, akahesabu tena, akavua miwani.

"Mama, unaumwa?"

"Ni siku kumi na nne tu, fundi."

"Shule zinafunguliwa baada ya siku kumi na mbili."

Alipunguza mapumziko ya mchana, akawa anakula huku anashona. Kula nako kuna hadithi yake: chakula cha mkono kilimwingia chini ya kucha, akalazimika kula kwa kijiko kama mgonjwa. Simu aliibonyeza kwa kifundo cha kidole. Sarafu ikianguka, ilikuwa imekwenda. Kusugua sufuria, kukamua nguo, kufungua kopo, kila kazi ilitaka kufikiriwa kwanza. Mambo ya chooni tuyaache, tuna heshima zetu. Siku ya tatu droo ya benchi ilimbana ukucha wa gumba la kulia ukapinda nyuma, maumivu yakapanda mpaka kwenye utosi, akauma kanga yake asipige kelele. Alipothubutu kutazama, ukucha ulikuwa mzima, umekaa palepale unang'aa. Mziwanda alikuwa fundi kweli. Kwa mara ya kwanza Mama Vifungo alitamani ile kazi iwe mbovu kidogo.

Hayo yote angeyaweza. Alishaweza makubwa zaidi. Lililomshinda lilikuwa nyumbani, nyuma ya pazia la kijani, kitandani.

Pale alilala mama yake mzazi, bibi yake Mziwanda, aliyevunjika nyonga miaka minne nyuma na tangu hapo hakusimama tena. Mwili ulikuwa umeisha, ulimi ulikuwa mzima, tena mkali. Asubuhi na jioni Mama Vifungo alimgeuza, akamwosha, akambadilisha shuka, akampaka mafuta, na muda wote huo bibi alimporomoshea: "Unanisugua kama sufuria! Nani alikufundisha kuosha watu, dobi? Taratibu, punda wewe, huo ni mguu si mwiko!" Mama Vifungo alijibu, bibi akajibu, na mpaka shuka safi inatandikwa wote wawili walikuwa wamechangamka. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao. Mtu mwingine bibi hakumtaka. Muuguzi aliyewahi kuletwa alikaa siku moja, akatoka analia.

Sasa, ngozi ya bibi ilikuwa imekonda kama karatasi ya sigara. Dawa za miaka mingi zilimfanya hivyo. Ukimshika vibaya inachubuka. Na mtu wa kitandani huwezi kumgeuza bila kumshika. Lazima uingize mkono chini ya bega, mwingine chini ya nyonga, uvute kwa nguvu. Siku ile ya kwanza Mama Vifungo alijaribu kumgeuza kwa viganja, vidole amevikunjua juu kama mcheza ngoma. Bibi akacheka.

"Leo unanibeba kama trei ya mayai. Una nini?"

"Kucha za mtoto. Za mtihani wake."

"Hebu nione." Bibi alizisogeza karibu na macho. "Lo! Umekuwa kunguru."

Siku ya nne kiganja kiliteleza kwa mafuta, vidole vikakunjika vyenyewe, maana mtu akiteleza hushika, na ukucha mmoja ukachora mkono wa bibi kutoka kiwiko mpaka karibu na kifundo. Ngozi ilifunuka. Bibi alipiga yowe, kisha akamtukana matusi ambayo mimi siyaandiki, na Mama Vifungo aliyapokea yote kwa shukrani huku anafunga bandeji. Usiku huo alijaribu glavu. Potelea mbali sheria ya chuo, nani atamwona? Kucha zilitoboa ncha zote kumi kabla hajamaliza kuzivaa. Akajaribu kufunga vidole kwa vitambaa, vikalowa, vikateleza. Akajaribu kumvuta kwa shuka, lakini shuka ilitaka watu wawili.

Kwa nini hakumwita Mziwanda? Nami nilimuuliza hilo, na jibu lake lilikuwa la mama: mtoto ana mtihani, mtoto anarudi amechoka, mtoto asijue, akijua ataingiwa na huruma na huruma itamponza. Isitoshe Mziwanda naye alikuwa na kucha zake, ndefu kuliko hizo, za buluu zenye vimetameta. Ndizo zilizokuwa tangazo lake la kazi. Kwa hiyo bandeji za bibi zilifichwa chini ya mikono mirefu ya gauni, na kila Mziwanda alipochungulia pale paziani na kusema "Shikamoo bibi, umelalaje?" bibi alijibu "Marahaba, vizuri," na hakuongeza neno. Alikuwa mkali lakini hakuwa mchongezi.

Siku ya tisa ndiyo iliyoharibu kila kitu. Asubuhi hiyo Mama Vifungo alikuwa amechelewa, mashati yalikuwa yanamngoja, na alimgeuza mama yake kwa haraka kama alivyozoea zamani, alipokuwa na mikono yake. Kucha nne ziliingia kwenye ngozi ya mkono wa juu. Hakuhisi, hilo ndilo baya, kucha hizo hazihisi kitu. Alipotoa mkono aliona damu, na kipande cha ngozi kimekunjamana pembeni kama ganda la kitunguu.

Alingoja yowe. Alingoja matusi.

Bibi alikuwa amekodoa macho anatazama dari. Baadaye, jeraha lilipokwisha kufungwa, alisema kwa sauti ndogo, "Ahsante, mwanangu."

Mama Vifungo hakuwahi kuambiwa ahsante na mama yake. Hata siku aliponunua kile kitanda. Alisimama na beseni mkononi, akaogopa, maana alijua ahsante ile maana yake nini. Ndivyo mtu anavyosema na askari. Ndivyo mtu anavyosema na yeyote anayeweza kumuumiza akitaka.

Tangu siku ile bibi akawa na adabu. "Tafadhali mwanangu." "Samahani, nakusumbua." Alipomsikia binti yake anaingia, alikaza mwili mzima, akafumba macho, akangoja. Mama Vifungo alijaribu kumchokoza. Alimwaga maji makusudi, alimwita kibibi kizee, alimuuliza kama yule punda wa jana bado anahitajika. "La, uko vizuri tu," alisema bibi, macho yamefumbwa.

Jioni ya siku ya kumi aliketi kizingitini na kikata kucha kwenye mapaja. Nusu saa nzima. Alikiweka kwenye ukucha wa kwanza, akakibana kidogo, akasikia plastiki inaanza kulia. Mle ndani Mziwanda alikuwa anasoma kwa sauti, anajiuliza maswali ya mkaguzi na kujijibu mwenyewe, sauti imejaa matumaini. Watamwita Nusu mpaka azeeke. Siku nne tu, Mama Vifungo alijiambia. Mama amevumilia miaka minne, hatashindwa siku nne. Akakirudisha kikata kucha kabatini na kujichukia kwa dhati.

Siku ya kumi na nne alivaa gauni la kutokea. Chuoni mkaguzi, mwanamke mwembamba asiyecheka, alimkalisha chini ya taa ya buluu. Alisoma namba moja moja. Alivuta kila ukucha, akaugonga, akapitisha uzi chini yake kuona kama umeinuka. Akauliza, "Kazi yako nini, mama?"

"Natia vifungo."

"Na nyumbani?"

"Nina mgonjwa."

Mkaguzi alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. Kisha akaandika. "Kumi kati ya kumi," alisema. "Katika miaka yangu yote sijaona kazi iliyokaa hivi." Mziwanda alishika mdomo kwa mikono miwili. Mama Vifungo naye alicheka kwa sauti, machozi yakamtoka, akanyoosha mikono mezani.

"Haya, mwanangu. Zitoe."

"Ala, bado," alisema mkaguzi, anafunga faili. "Hiyo ni sehemu ya kwanza. Sehemu ya pili ni kuzitoa, tuone kama ukucha wa chini haukudhurika. Nitakuja wiki mbili zijazo, saa hii hii. Utunzaji ni ule ule. Kwani hukuambiwa?"

Mama Vifungo aligeuka kumtazama binti yake. Mziwanda alikuwa anatazama sakafu.

Kwenye ukumbi, nje ya mlango, hawakupigiana kelele. Ingekuwa afadhali.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Ningekwambia mwezi mzima usingekubali." Kisha akaongeza haraka, "Na umeweza! Umeona mwenyewe umeweza. Wiki mbili nyingine ni nini?"

Mama Vifungo alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuna kilichotangulia. Walirudi nyumbani, mmoja mbele, mmoja nyuma.

Alipofunua pazia la kijani, harufu ilimpokea. Bibi alikuwa amelowa, na si sasa hivi. Shuka ilikuwa imeshaanza kukauka pembeni. Alichukua beseni, akavuta kiti.

"Leo sijachafuka, mwanangu," alisema bibi. "Kapumzike."

"Mama, umelowa."

"Ni jasho. Nenda, una kazi nyingi."

Alishika ncha ya shuka aifunue. Bibi naye akaishika upande wa pili, kwa vidole vyake vile vya mifupa mitupu, akaivuta kifuani. Wakavutana, mtu na mama yake, juu ya shuka iliyolowa mkojo. Kitambaa kikalia kikatoboka pale kucha zilipokishika. Mama Vifungo aliachia. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Mziwanda!" aliita. "Njoo huku. Njoo umwoshe bibi yako, mimi hanitaki!"

Mziwanda alikuja mbio, uso bado una kiburi cha kumi kati ya kumi. Alitazama mama yake ukutani, akatazama kitanda. Akapandisha mkono wa gauni la bibi. Bandeji ya kwanza, ya pili, na ile kubwa ya mkono wa juu, yenye doa la manjano. Akapandisha na mkono wa pili. Hakuuliza zimetoka wapi. Alitazama mikono ya mama yake, mmoja baada ya mwingine, kazi yake mwenyewe, na uso wote ukamwanguka.

"Nizitoe, mama," alisema. "Nizitoe sasa hivi. Chuo kife."

Hapo ndipo Mama Vifungo angesema ndiyo. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Nami namfahamu, na nawaambia alilitaka neno lile kuliko alivyowahi kutaka kitu. Lakini aliona kile kidevu cha mtoto kinatetemeka, akaona miezi kumi, akaona mtaa mzima unaita.

"Thubutu," alisema. "Baada ya haya yote? Zitakaa."

Mziwanda akaenda kabatini, akachukua kikata kucha, akaanza na za kwake. Zile za buluu. Moja baada ya moja ziliruka sakafuni zikimetameta, na alipomaliza alizisugua ncha kwa tupa mpaka zikalainika, akanawa, akaingia nyuma ya pazia na kulivuta.

Mama Vifungo alibaki nje, kwenye kigoda. Alisikia maji. Alisikia mtoto anakosea, anaanza na mgongo badala ya uso, na alitaka kusema hapana, kwanza uso, kisha shingo, na taulo liwe chini ya bega. Miaka minne kazi hiyo ilikuwa yake peke yake, alishailalamikia kwa kila mtu, na sasa kwa kuinyang'anywa alihisi kama mgeni aliyekuja kusalimia akaambiwa angoje.

"Mikono yako ya baridi," ilisikika sauti ya bibi.

"Nisamehe, bibi."

"Si neno. Endelea." Maji yakamwagika kwenye beseni. "Na mama yako? Amemaliza huo mtihani wake?"

"Bado, bibi. Bado wiki mbili."

"Wiki ngapi?"

"Mbili. Baada ya hapo zinatoka, atakuosha mwenyewe kama zamani."

Mama Vifungo aliinuka kwenye kigoda, akasogea mpaka kwenye pazia, mikono ameishika kifuani asiguse kitu.

"Haya," alisema bibi. "Mwambie nitajitahidi kuvumilia."